Ujiji kwa nusu siku

Dada uliyeuliza mtaa wa zamani wa kutembea ukisubiri treni ya jioni: usizunguke Kigoma mjini, panda daladala ya Ujiji, kama kilomita 8 tu. Kigoma yenyewe ilichangamka reli ilipofika, 1914. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika 1858.

Shuka barabara ya Livingstone kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Angalia nyumba zenye baraza, wazee wamekaa wanapiga soga. Wasalimie kwanza, shikamoo ndiyo kiingilio chako. Wengi ni Wamanyema, asili yao ng'ambo ya ziwa, Kongo. Makumbusho yapo pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone 1871, na sanamu mbili zinazovuliana kofia (mimi hunichekesha). Miembe ya uani inasemekana ni uzao wa mwembe wa zamani waliokutana chini yake. Usishangae kulikosa ziwa hapo, maji yalishasogea mbali.

Endelea hadi ufukweni ukaone mafundi wakichonga mitumbwi. Migebuka, samaki wa ziwa hili, ya kukaanga kwa mawese ule huko huko.