Stendi ya mikoani: kutoka Kisutu hadi Mbezi Luis

Swali: Baba husimulia kuwa alikuwa akipandia basi la mkoani Kisutu. Ni kweli? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Mzee wako amesema kweli. Mabasi ya mikoani yaliondokea Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati ya Dar es Salaam, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 yalipohamishiwa Ubungo.

Swali: Mbona Ubungo nako yakaondolewa?

Jibu: Ubungo ilipendwa kwa sababu ndipo Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, na makutano hayo hayo ndiyo yaliyoielemea, kwani malori ya bandarini, daladala na mabasi vyote vilipita hapo. Isitoshe, kwa kuwa kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, mengi ya safari ndefu yalitoka kwa mkupuo saa 12 alfajiri. Namkumbuka mama mmoja aliyeng'ang'ania mkanda wa begi lake huku wapiga debe wawili, kila mmoja na basi lake, wakilivuta upande wao. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua stendi ya Mbezi Luis, yenye jina lake, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 50, na siku hiyo hiyo akazindua barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla.

Swali: Kiwanja cha Ubungo kimefanywa nini?

Jibu: Pamejengwa kituo kikubwa cha biashara kwa ushirikiano na wawekezaji wa China.

Swali: Naishi Mbagala. Nikishushwa Mbezi saa 8 usiku nifanyeje?

Jibu: Hili ndilo linaloniuma. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, jambo jema, lakini anayeshuka usiku wa manane akiwa na watoto na kiroba cha mchele bado ana safari ya kuvuka jiji zima, na nauli ya bajaji au teksi saa hizo humuumiza. Naamini daladala za usiku zilipaswa kupangwa pamoja na ruhusa hiyo. Kwa sasa, unapokata tiketi muulize wakala basi litafika saa ngapi na litaishia wapi, maana baadhi ya kampuni zina ofisi Shekilango. Ukichelewa, subiri ndani ya stendi hadi kupambazuke, na ukilazimika kuondoka, patana nauli kabla mzigo haujapakiwa.