Bonde likifunikwa na tope, usikimbilie kumwaga mbegu

Uwanda wa maua niliokuwa nikiuangalia kwa miaka uliharibika kwa usiku mmoja. Mvua ilishusha ubavu wa mlima, na kulipokucha, pale tulipozoea kuona manjano na zambarau palikuwa na tope la kijivu, mawe, na mizizi iliyoelekea juu. Roho iliniuma. Kabla wiki mbili hazijaisha nilikuwa nimeshamwaga mbegu za nyasi za kununua, na mbolea juu yake, ili pafunikwe haraka.

Palifunikwa kweli. Mwaka uliofuata nyasi zilinifika magotini na kila aliyepita alinipongeza. Lakini nilipochuchumaa na kuzitenga kwa mikono, chini yake hapakuwa na jani pana hata moja. Nilikuwa nimetengeneza malisho mahali palipokuwa na maua, na kulirekebisha hilo kumenichukua miaka. Ukikutwa na balaa la namna hii, anza kwa kuangalia. Mbegu zinaweza kusubiri.

Pembeni kidogo ya eneo hilo kulikuwa na kipande ambacho mbegu na mbolea hazikukifikia, kwa sababu tu mfuko ulikwisha. Miezi michache baadaye ganda la tope lilipasuka, na kwenye ufa usiozidi upana wa kidole niliona jani moja limejikunja kama mwavuli uliofungwa, punje za udongo zimeng'ang'ania vinyweleo vyake. Nilichimba kwa kijiko nikilifuata shina. Lilishuka likiwa jeupe, kiasi cha urefu wa kiganja, hadi kwenye mzizi mnene wa zamani. Mmea ule haukufa. Ulikuwa njiani kurudi juu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la kwanza ni hili: uharibifu umeacha nini? Moto unaopita juu kwa haraka huunguza majani ukaacha mizizi na vitunguu vya maua salama. Tope jembamba hufunika tu. Poromoko lililobeba udongo wote limeondoka na kila kitu, na hapo kweli unaanza na mwamba. Maua mengi ya milimani ni ya kudumu na hutegemea mizizi kuliko mbegu, na mbegu za baadhi yake hazimalizi miaka mingi ardhini. Nyingine zina subira ya ajabu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa za mbegu huko Michigan, Marekani, zifukuliwe moja moja kwa vizazi. Iliyofukuliwa mwaka 2021, miaka 142 baadaye, bado ilitoa miche ya Verbascum, mmea wa maua wa porini.

Kwa hiyo uulize udongo wenyewe. Chukua udongo wa kina cha sentimita 5 kutoka sehemu kama 10, uchanganye, uutandaze mwembamba kwenye trei juu ya mchanga safi, na usiuache ukauke. Hesabu kinachochipua, king'oe ukishakitambua, kisha uuvuruge udongo upate kutoa vingine. Kwenye nchi zenye majira ya baridi, acha trei nje zipigwe na baridi kwanza, maana mbegu nyingi za milimani haziamki bila hiyo. Nilipolifanya jaribio hili kwa udongo wa kile kipande cha pembeni, trei ilijaa miche ya majani mapana nikakosa pa kutia kidole. Kama ningelifanya kabla ya kununua mbegu!

Somo kubwa zaidi kuhusu haya lilitolewa na mlima. Mount St. Helens, huko Marekani, ulilipuka tarehe 18 Mei 1980. Palipoangukiwa na majivu kidogo, mimea ilijipenyeza ikatoka. Panya wachimbaji, jamaa wanaoishi chini ya ardhi kama fuko, walikuwa mashimoni mlima ulipolipuka; wakaendelea kuchimba na kupandisha udongo wa zamani, pamoja na mbegu na kuvu wa mizizi, juu ya majivu. Kwenye uwanda uliofunikwa na mawe mepesi ya volkano, ambako hapakubaki kitu, mmoja wa mimea ya mwanzo kabisa ulikuwa lupini mfupi, Lupinus lepidus. Ni wa jamii ya kunde, na bakteria wa mizizini mwake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Ulipokufa uliacha chakula, na wengine wakaota juu yake.

Ukisoma hivyo utatamani kukimbilia lupini. Tafadhali usifanye hivyo. Ndugu yake mrefu, Lupinus polyphyllus, alitolewa magharibi mwa Amerika Kaskazini akapelekwa Ulaya, na leo kwenye nyanda za maua za milima ya Rhön, Ujerumani, ni tatizo kubwa: anarutubisha udongo ambao maua ya pale yaliishi kwa sababu haukuwa na rutuba nyingi, na anayafunika kwa kivuli. Kinachoponya mawe matupu kinaua uwanda wenye udongo.

Hili la rutuba ndilo gumu kueleweka, hasa kwa sisi tuliofundishwa kilimo tangu utotoni. Maua ya porini hayaombi udongo mnono. Ukiurutubisha, nyasi chache zenye nguvu hunyakua mwanga na mengine hufa gizani. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna uwanja wa nyasi uliowekwa kwenye jaribio tangu mwaka 1856. Vipande visivyotiwa mbolea vina aina karibu 40 za mimea, na baadhi ya vile vilivyotiwa naitrojeni kwa wingi vimebaki na aina chache za kuhesabu kwa vidole.

Kama umeshamwaga mbolea kama mimi, dawa ni kuitoa taratibu. Fyeka kila mwaka maua yakishamwaga mbegu, acha majani yakauke siku mbili tatu yapukutishe zilizobaki, kisha yaondoe yote. Ukiyaacha yaoze pale pale unairudisha ile mbolea. Kama Rhinanthus minor, mmea mdogo wa maua, ni mwenyeji wa bonde lako, utafute. Ni kimelea nusu, hunyonya mizizi ya nyasi na kuzidhoofisha. Mbegu zake hazikai sana, kwa hiyo ziwe mpya, na zimwagwe kabla ya baridi.

Mteremko ukiwa mkali na udongo unaendelea kuondoka, shikilia kwa mawe, matawi na magunia ya katani yaliyolazwa kukatiza mteremko. Na ikibidi kupanda, chukua majani mabichi yenye mbegu kutoka uwanda jirani wa bonde hilo hilo, kwa ruhusa ya mwenyewe, uyatandaze siku hiyo hiyo. Magugu mageni yang'oe yakiwa machache. Watu wasikanyage; weka njia moja tu, maana juu mlimani msimu wa kukua ni mfupi na mmea mfupi uliosongamana kama mto wa kulalia, ukibanwa na kiatu, unaweza kuchukua miaka mingi kurudi.

Mimi bado nafyeka. Ukisimama kwenye mwamba wa juu unauona mpaka wa mbolea yangu hadi leo, umenyooka kama ulivyopita mkono wangu: huku kijani tupu, kule rangi. Msimu uliopita, upande wa chini, mstari huo ulianza kukatika. Nilishuka na fremu yangu ya mita moja kila upande, nikaiweka juu ya sehemu iliyokatika, nikahesabu aina tisa.