Bwawa Likitoa Maji ya Matope, Usisubiri

Kila msimu wa masika ukikaribia, watu wa tambarare ya Moshi na wengine wa upande wa Arusha huniuliza swali lile lile. Wanakaa chini ya malambo ya umwagiliaji au ya kunyweshea mifugo, na wanataka kujua watatambuaje kwamba bwawa limeharibika, na wakishatambua wafanye nini. Nawajibu hapa kwa kirefu. Sisi tumewahi kupitisha masika tukiwa na bwawa bovu juu ya kijiji, na mambo tuliyoyapitia nisingependa mtu ayajifunze saa nane za usiku huku mvua inanyesha.

Lambo letu ni la udongo, kama yalivyo mengi ya huku. Kuna tuta, kuna geti la kupeleka maji kwenye mfereji wa mpunga, na pembeni kuna utoro, yaani njia ya kupunguzia maji bwawa likijaa. Dalili ya kwanza haikumtisha mtu. Chini ya tuta, upande wa kijiji, palikuwa na kipande cha nyasi kilichobaki kibichi kiangazi chote, wakati pengine pote pamekauka. Vijana wakawa wanapeleka ng'ombe kulisha pale. Ardhi ilikuwa laini, ukikanyaga unaacha alama ya kisigino na maji yanaingia taratibu ndani ya ile alama.

Jamani, mkiona nyasi za namna hiyo chini ya tuta, msishangilie malisho. Maji yanapita ndani ya udongo.

Kuvuja peke yake si ajabu. Karibu kila bwawa la udongo linavuja kidogo, na wataalamu hawahangaiki na maji machache yanayotoka yakiwa meupe na kwa kiasi kile kile siku zote. Wanachokihofia ni maji yanayozidi kuongezeka, na zaidi ya hapo maji yanayotoka na matope. Matope maana yake udongo wa tuta lenyewe unabebwa kutoka ndani. Tundu linaanza dogo upande wa nje, linachimbika kurudi nyuma kuelekea kwenye maji, na likishafika huko bwawa linaweza kwenda ndani ya saa chache. Kwa macho unaona tuta limesimama vizuri kabisa.

Kwa hiyo tulifanya jambo ambalo kijiji chochote kinaweza kulifanya bila senti. Kila asubuhi na jioni kijana mmoja wa kamati ya umwagiliaji alikinga maji ya pale yanapotokea kwenye chupa ya plastiki iliyo safi, akaibandika karatasi yenye tarehe na saa, akaiweka dirishani ofisi ya kijiji. Chupa zikapangwa mstari. Mwanzoni ulikuwa unaona mwanga ng'ambo ya pili. Mvua zilipokolea, chupa za mwisho zikawa na rangi ya chai ya maziwa, na chini zikaanza kutuama tope la kidole kizima. Hapo hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisema tunatia watu hofu alizitazama zile chupa, akaenda kuwaambia wanawe wafungue mbuzi.

Dalili nyingine za kuangalia ni ufa unaokwenda na urefu wa tuta, sehemu ya tuta iliyobonyea au kuporomoka, na maji ya bwawa yanayojizungusha mahali pamoja kama yananyonywa chini. Mashimo ya wanyama na vichuguu vya mchwa juu ya tuta ni njia za maji zinazosubiri. Miti nayo ni hivyo hivyo: watu hupanda au kuiacha ikiota wakidhani inashika udongo, lakini mizizi ikioza inaacha mirija ndani ya tuta. Na utoro ukizibwa na magogo, au mtu akiupandishia mawe ili bwawa lishike maji mengi zaidi ya mpunga, mvua kubwa ikija maji yatapita juu ya tuta. Tuta la udongo halivumilii hilo kwa muda mrefu.

Sasa kuna mambo mawili ambayo watu wakiingiwa na hofu huyakimbilia, na yote mawili yanaua. La kwanza ni kuziba tundu. Vijana wetu walikuja na viroba vya udongo wa mfinyanzi na matambara, wanataka kulikaba. Ukilikaba pale, maji yanatafuta pa kutokea pengine, na shinikizo linabaki ndani. Mtaalamu aliyefika alituelekeza kumwaga mchanga na kokoto juu ya pale panapotokea, kwa tabaka, ili maji yapite lakini udongo ubaki. La pili ni kuchukua majembe na kukata tuta ili kulipunguza bwawa. Usithubutu. Mfereji wa jembe unapanuliwa na maji yenyewe, na mkishauanza hamna uwezo wa kuusimamisha. Hata geti lenyewe halifunguliwi lote kwa pupa bila ushauri, kwa kuwa maji yakishuka haraka mno, upande wa ndani wa tuta ulioloa unaweza kumeguka. Kazi hii ni ya wenye ujuzi. Huku kwetu Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi mjini. Waiteni mapema, wakati maji bado ni meupe.

Ninyi kazi yenu ni watu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona jinsi kijiji kinavyogawanyika. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Mtu amekopa pembejeo, amelipa vibarua, halafu unamwambia aondoke kwa ajili ya bwawa ambalo bado limesimama. Wengine walisema wanaume wabaki kulinda nyumba, wanawake na watoto waende. Mimi nilikataa wakati ule na bado nakataa. Mwizi wa sufuria unaweza kumtafuta baadaye, na mgambo wanaweza kulinda wakiwa barabarani sehemu ya juu. Mwaka 2018, usiku wa tarehe 9 Mei, bwawa la Patel kule Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa majumbani. Mwaka 2023 huko Derna, Libya, mabwawa mawili yalipasuka usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba baada ya mvua ya dhoruba, na maelfu wakafa. Usiku huna nafasi ya kujadiliana. Ondokeni mchana, mkiwa mnaonana nyuso.

Uchagani tuna bahati moja: wengi wanaolima chini wana ndugu juu mlimani. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kinaweza kupokea watu kwa wiki kadhaa, hata kama watalala wamebanana na ndizi zitaliwa mbivu na mbichi. Pigeni simu mapema, mseme mnakuja na watu wangapi na mifugo mingapi, msifike kwa shemeji na ng'ombe watatu bila taarifa. Lakini kumbukeni kwamba si kila jirani yenu ana kihamba. Kuna vibarua waliotoka mikoa mingine, kuna wafugaji, kuna wajane waliobaki na kiwanja kile kile tu. Kwa hao lazima kijiji kiwe na shule au kanisa au msikiti ulioko mwinuko, na ujulikane kabla. Na mwinuko maana yake ni kwenda pembeni, mbali na njia ya maji. Kukimbia kufuata korongo au barabara inayokwenda sambamba na mto ni kushindana na mafuriko, na mafuriko yatashinda.

Tuliandika daftari la kitongoji kwa kitongoji, nyumba kwa nyumba. Mabalozi wa nyumba kumi ndio waliolifanya, maana wao wanajua nani yuko kitandani, nani ana mimba ya miezi minane, nani haoni, nani hulewa na hatasikia hata mkipiga bunduki. Mbele ya kila jina la namna hiyo tukaandika jina la mtu wa kumchukua na chombo atakachotumia. Bodaboda walijigawia wazee. Bibi mmoja jirani yetu hakuweza kukaa kwenye pikipiki, akaandikiwa guta la muuza maji, na kijana mwenye guta akawa anapita kumsalimia kila jioni, "Shikamoo bibi, bado tupo." Bibi alikuwa mgumu sana kuondoka mwanzoni. Nadhani zile salamu ndizo zilizomlainisha kuliko tangazo lolote la serikali.

Ishara ya kuondoka iwe moja na isitumike kwa jambo lingine. Simu ni nzuri, kundi la WhatsApp ni zuri, ila umeme ukikatika na mtandao ukipotea mnabaki gizani. Kwetu tulikubaliana kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti kwa pamoja, na vijana wa zamu kule kwenye tuta wana filimbi na tochi. Msikilizeni pia Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mjue tofauti ya maneno yao: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa si kitu kimoja. Sisi tuliamua kwamba ikitoka tahadhari ya mvua kubwa kwa Kilimanjaro wakati bwawa liko katika hali ile, wagonjwa na watoto wanapanda juu siku hiyo hiyo, bila kikao kingine.

Begi la kuondokea halihitaji maneno mengi. Kitambulisho cha NIDA, vyeti, karatasi za shamba na kadi za kliniki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Dawa za presha, za sukari na za ARV za wiki kadhaa, kwa kuwa kukatiza dawa ni janga la peke yake. Nguo za watoto, tochi, pesa kidogo taslimu. Zima umeme kwenye swichi kuu. Wanyama wafungulieni kama hamwezi kuwachukua, msiwaache kwenye kamba.

Na njiani usivuke maji yanayokwenda. Maji ya kufika katikati ya muundi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na ya magotini yanaweza kuelesha gari dogo. Aprili 2024 pale Arusha gari la wanafunzi lilisombwa kwenye korongo na watoto wakafa. Sote tulilia mwezi ule, na mwezi ule ule mito ya huku Moshi nayo ikaingia majumbani. Dereva akisema "napajua hapa, nitapita", shukeni.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni kusubiri. Tuliondoka, na bwawa halikupasuka. Siku zikapita, jua likatoka, watu wakaanza kunung'unika kwamba tumewahamisha bure na ndege wanamaliza mpunga. Wengine wakawa wanashuka alfajiri kimyakimya. Jua la tambarare linadanganya: mvua inanyesha juu mlimani, nyie chini mnaanika nguo, na maji yanawafikia baada ya saa kadhaa. Hata wenzetu wenye mitambo yote wanapitia haya. Mwezi Februari 2017, kule California, watu takriban 188,000 waliamriwa kuondoka chini ya bwawa la Oroville baada ya njia zake za kupunguzia maji kubomoka. Agosti 2019 mji wa Whaley Bridge, Uingereza, ulihamishwa watu kama 1,500 kwa sababu ya bwawa la Toddbrook, helikopta zikamwaga mawe kujaza palipobomoka na pampu zikashusha maji. Kote kuwili bwawa halikupasuka, na watu walirudi makwao baada ya wakaguzi kuridhika. Walioondoka hawakuhamishwa bure.

Kwa hiyo mkubaliane mapema nani anatoa ruhusa ya kurudi. Asiwe diwani aliyechoshwa na simu, wala mwenye shamba kubwa anayetaka vibarua wake. Awe yule aliyelikagua tuta, akazungumza na mwenyekiti na mtendaji mbele ya watu, akaeleza maji yameshuka kiasi gani na chupa zinaonyesha nini. Sisi tulipanga wenye mazao washuke kwa zamu, mchana tu, kwa makundi yanayohesabiwa wakishuka na wakipanda. Mpunga mwingi uliokolewa hivyo. Siyo wote.

Mkirudi pale maji yalipofika, hata kama ni mafuriko ya mto tu, chemsheni maji ya kunywa, maana vyoo vya shimo vikifurika kipindupindu hakiko mbali. Nyumba ya tofali za udongo mbichi iliyoloa msilale humo kabla fundi hajagusa kuta. Magunia na magogo yanyanyueni kwa fimbo, nyoka nao walikimbia maji.

Yaliyobaki ni ya kufanywa kiangazi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijijini. Simameni kwenye mkutano huo muulize kwa majina. Nani mmiliki wa bwawa hili, liwe la kijiji au la mtu? Lilikaguliwa lini, na ripoti iko wapi? Nani anafyeka tuta na kusafisha utoro kabla ya vuli? Na mwulize ufunguo wa geti uko kwa nani. Kwetu ulikuwa kwa mtu mmoja, na wiki ambayo maji yalichafuka alikuwa safarini Tanga. Tukalazimika kumtafuta fundi wa kuchomelea akate kufuli mvua ikinyesha. Sasa kuna funguo tatu: ofisi ya kijiji, kamati ya umwagiliaji, na nyumba iliyo karibu zaidi na tuta.