Rafiki zangu wa Ujerumani wanakuja Bukoba, na mama mkwe ameshaandaa risala

Shikamoo, Shangazi. Nilitumwa na kanisa letu la Kilutheri kuhudumu miaka mitatu katika usharika mmoja karibu na Bielefeld, Ujerumani, nikifanya kazi na wazee. Bwana na bibi mmoja wa huko walinichukua kama binti yao, na nilipougua wakati wa baridi walinihamishia nyumbani kwao mpaka nikapona. Sasa wamestaafu, na mwezi wa Julai wanakuja Bukoba kukaa kwetu wiki mbili. Nimefurahi mno, lakini usingizi sipati. Choo chetu ni cha shimo, tena kiko nje. Mama mkwe anasema “mgeni njoo, mwenyeji apone”, na ameshakubaliana na wazee wa kanisa kwamba wageni wasomewe risala kuhusu paa la kanisa. Mtoto wa shemeji naye anatafuta wa kumlipia ada ya chuo. Wageni wenyewe wameuliza watulipe kiasi gani kwa malazi. Zaidi ya yote, bwana yule ameniandikia kwamba amejitoa kanisani. Nimwambie mchungaji? Nifanyeje?
Mwenyeji, Bukoba

Marahaba, mwanangu. Katika yote uliyoyaandika, linaloweza kuvunja urafiki huu ni risala, kwa hiyo nitaanza nalo na nitakaa nalo kuliko mengine.

Tangu wamisionari wa Bethel, iliyoko Bielefeld, walipofika Buhaya mwaka 1910, watu wamekuwa wakisafiri kati ya Bielefeld na Bukoba, na mara nyingi tumezoea kwamba anayetoka huko huja kutoa na sisi wa huku hupokea. Wapo wetu waliokwenda kule pia, akiwemo Askofu Josiah Kibira, ambaye alisoma teolojia Bethel na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Wewe ulikwenda kuwahudumia wazee wao, ukawaosha, ukawalisha na kuwasikiliza kwa lugha uliyojifunza ukubwani. Watu hawa walikufahamu kama mtumishi mwenye kitu cha kutoa, na ulipougua walikupa kitanda bila kukuuliza kanisa lako lingewalipa nini. Wakisomewa risala Jumapili ya kwanza, mbele ya usharika mzima, watajiuliza kama wamealikwa na binti yao au na kamati ya ujenzi, na hata wakitoa fedha kwa moyo mweupe, swali hilo halitawatoka kwa urahisi.

Sisemi kwamba paa si hitaji la kweli. Nasema lina njia yake. Kama jimbo lenu au dayosisi ina ushirikiano na kanisa la huko, barua ya usharika ipite kwa mchungaji na mkuu wa jimbo, ijibiwe na watu wenye dhamana ya kuamua, na hesabu ziwepo. Mzee aliyestaafu, ambaye yuko ugenini na haelewi kinachosemwa, hapaswi kuamua jambo la usharika akiwa amesimama mbele ya watu.

Mwenye kazi ya kulizungumza hili na mama mkwe wako ni mume wako, wala si wewe, na afanye hivyo mapema, mezani kwake, kwa heshima zote. Ninavyomsikia katika barua yako, mama huyu anataka kijiji kione kwamba nyumba yake imepokea wageni wakubwa, na hilo ni jambo jema. Mpeni heshima hiyo kwa namna nyingine: yeye ndiye awapokee mlangoni, yeye ndiye awape kahawa ya kutafuna kama desturi ya Wahaya inavyotaka, na yeye ndiye awaonyeshe shamba la migomba na kueleza ndizi ipi ni ya kupika na ipi ni ya pombe. Akiwa na kazi yenye hadhi, risala itapungua umuhimu machoni pake. Kijana wa chuo naye aambiwe wazi na baba yake kwamba akisalimiana na wageni, hilo la ada halitajwi.

Kuhusu malipo ya malazi, usiwatoze hata shilingi moja, lakini usikatae kila kitu, kwa sababu mgeni asiyeruhusiwa kuchangia chochote huanza kujiona mzigo. Waambie kitanda na chakula ni vyako, na wao watalipa gari na mafuta mtakapotembea. Ni gharama inayoonekana, ina stakabadhi, na haimdhalilishi mtu.

Sasa nije kwa bwana aliyejitoa kanisani. Kwetu mtu akiacha kanisa tunasema amerudi nyuma, tunaanza kumwombea kwa sauti. Kule Westfalen, eneo ulipo mji wa Bielefeld, jambo hili hufanyika mahakamani: mtu huenda mwenyewe, hutia saini, na tangu hapo huacha kukatwa kodi ya kanisa, ambayo huko ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Wengine huondoka kwa sababu ya hiyo fedha, wengine kwa kuwa imani imekwisha, na wengine kwa uchungu, hasa baada ya utafiti uliochapishwa Januari 2024 kuhusu unyanyasaji wa kingono ndani ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Hujui yeye yuko wapi kati ya hao, na mpaka atakapokueleza mwenyewe, usimkisie. Alikuandikia kabla ya safari kwa sababu anakuheshimu na hakutaka kukuficha. Kwa hiyo mchungaji asilisikie kwako. Siri hiyo ni ya mgeni.

Unachoweza kufanya ni kumweleza jinsi Jumapili yetu ilivyo: ibada ni ndefu, wageni husimama na kujitambulisha, na baadaye kuna mnada nje, ambapo kuku na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka huuzwa. Mwulize kama angependa kuja, kukaa nyuma bila kuitwa mbele, au kubaki nyumbani na mume wako. Kama mkewe bado ni mshirika, mwende wawili tu, wewe na yeye. Kwenye mnada ukae karibu nao, maana mtu hupandisha bei ya jogoo mara tu anapoona mgeni, na ni vizuri mgeni ajue kwamba kukaa kimya hapo si kosa.

Choo kisikunyime usingizi. Wenye umri huo magoti hayawaruhusu kuchuchumaa, basi mwite fundi seremala atengeneze kiti imara cha mbao cha kuweka juu ya tundu, weka taa na maji ya kunawa, na njia ya kufika huko usiku isiwe na vikwazo. Piga picha ya choo na ya chumba, uwatumie sasa hivi, uwaambie pia kwamba umeme hukatika na maji ya kuoga ya moto huja kwa ndoo. Ongeza kwamba mjini kuna nyumba za wageni endapo watapenda kulala huko na kushinda kwenu, na ukisema hivyo umaanishe, ili wakichagua hivyo usione umekataliwa. Chandarua chenye dawa na maji yaliyochemshwa ni lazima. Wamwone daktari wao kuhusu malaria kabla ya kuondoka, na wasiingie ziwani kuoga, kwa sababu ya kichocho. Viza ya dola 50 waiombe mtandaoni mapema, na wasibebe mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwenyekiti wa mtaa naye mjulishe kwamba una wageni.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Katika nyumba hiyo ni wewe peke yako unayejua Kijerumani, maana yake kila neno la wiki mbili litapita kinywani mwako, huku ukitazamiwa pia kuwa jikoni. Hutaweza vyote viwili. Tafuteni msaidizi wa kupika kwa siku hizo, na bibi yule akitaka kumenya ndizi pamoja nanyi mwacheni amenye, hata kama mama mkwe atasema ni aibu mgeni kushika kisu, kwa kuwa pale ndipo mtakapopata nafasi ya kuzungumza kama mlivyokuwa mkizungumza kwake. Baada ya chakula cha mchana kila mtu apumzike, na wewe pia, bila kutafsiri lolote.

Waandikie wiki hii, kabla mume wako hajazungumza na mama yake, ili ukiulizwa useme mambo yameshapangwa na wageni wenyewe wameridhia.