Dawa ya Presha Ijue kwa Jina, Usiijue kwa Rangi

Muulize mtu anayemeza dawa za presha anatumia dawa gani. Wengi watakujibu, "Kile cheupe kidogo," au "Kile cha njano cha asubuhi." Mama yangu, mwenye presha tangu mimi sijaolewa, hujibu hivyo hivyo hata kwa daktari. Jibu hilo halimsaidii mtu. Kidonge cheupe kidogo kinaweza kuwa cha presha, cha sukari, cha mzio au cha usingizi. Na dawa ile ile, ikitoka kiwanda kingine, inakuja na rangi nyingine na umbo jingine.

Mimi nami sasa ni mgonjwa wa presha, na nikiulizwa jambo la kwanza la kufanya ukishaandikiwa dawa hizi, nasema: lijue jina lake. Si lile jina kubwa la kibiashara lenye mapambo mbele ya boksi. Ni lile dogo lililoandikwa chini yake, ambalo halibadiliki hata dawa itengenezwe India, Kenya au Ujerumani. Majina hayo nitayaandika hapa kama yalivyochapwa kwenye boksi, ili uweze kwenda kulinganisha na yako.

Likizo moja nilikwenda Tanga, nikamwomba Mama anitolee dawa zake zote. Akaleta kopo la biskuti, tukalimwaga mkekani. Kulikuwa na vipande vya vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, kingine kimebakiwa na herufi tatu tu za mwisho wa jina. Kulikuwa na bahasha ndogo za karatasi zilizoandikwa kwa peni "1x1" na basi, dawa gani hujui. Na kulikuwa na boksi mbili, moja jekundu na moja la bluu, zenye majina makubwa yasiyofanana hata kidogo. Moja alipewa kliniki, jingine alinunua dukani siku za kliniki zilipomwishia, kisha za kliniki zikaja tena. Nikavaa miwani nikasoma maandishi ya chini. Zote mbili: Amlodipine 10 mg.

"Mama, hizi unazimezaje?"

"Nyekundu asubuhi, bluu jioni. Si zote za presha, mwanangu?"

Miligramu 10 ndicho kipimo cha juu kabisa cha Amlodipine kwa siku, yeye alikuwa kwenye 20. Vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa, viatu haviingii, na majirani walishamwambia figo zimekufa. Tulipompigia daktari wake aliondoa boksi moja, na baada ya muda uvimbe ukapungua. Kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa dawa hii, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo linavyotokea zaidi. Kwa hiyo ukiona miguu inavimba usiitupe dawa na usikimbilie kununua ya kukojoza. Nenda na boksi lako kliniki.

Dawa za presha zina koo, kama watu. Ukitazama mwisho wa jina unajua ni ya ukoo gani. Zinazoishia na -dipine, kama Amlodipine na Nifedipine, hulegeza mishipa ya damu. Zenye -thiazide, kama Hydrochlorothiazide, ndizo za kukojoza. Zenye -pril ni akina Captopril, Enalapril na Lisinopril. Zenye -sartan ni akina Losartan na Telmisartan. Na zenye -olol, kama Atenolol na Bisoprolol, hupunguza kasi ya moyo. Wengi wetu Waafrika huanziwa -dipine au ya kukojoza kwa sababu kwa watu weusi -pril ikiwa peke yake mara nyingi haishushi presha vizuri hivyo.

Kujua koo hizi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukijikuta una -dipine mbili mkononi, uliza kabla hujameza. Ukipewa -pril na huku una -sartan nyumbani, uliza, maana hizo mbili hazitumiwi pamoja. Siku hizi pia kuna vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, kwa mfano Losartan pamoja na Hydrochlorothiazide. Ni vizuri, vinapunguza idadi ya vidonge, lakini ukibadilishiwa kwenda kwenye kidonge hicho ile Losartan ya zamani iondoke koponi siku hiyo hiyo.

Kila ukoo una tabia zake. Mimi nilianza na Enalapril. Presha ilishuka vizuri, ila nikapata kikohozi kikavu cha kuwasha koo, hasa nikilala. Ofisini walianza kukaa mbali nami, mmoja akaninong'oneza nikapime TB. Nilipimwa, sina. Dokta akaniuliza tu, "Unatumia -pril?" Akanibadilishia Losartan na baada ya wiki kadhaa kikohozi kikakata. Ukikohoa hivyo huku ukinywa -pril, dawa za kikohozi hazitakusaidia. Lakini ukivimba midomo, ulimi au uso, hilo si la kusubiri kliniki. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na ukoo huo usiuguse tena maisha yako yote. Kinadada mnaotarajia kushika mimba, -pril na -sartan humdhuru mtoto tumboni. Mwambie daktari mapema akubadilishie, kwa kuwa zipo dawa za presha zinazotumika kwa wajawazito, kama Methyldopa. Ukigundua umeshashika mimba, nenda kliniki haraka, usikae nayo wala usiache kimyakimya. Mwenye pumu amtajie daktari pumu yake kabla ya kupewa -olol. Na -olol haiachwi ghafla hata siku moja, moyo unaweza kuanza kwenda mbio au kifua kikabana. Huachishwa kidogo kidogo.

Hebu turudi kwenye lile kopo la biskuti, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine ndani yake: Diclofenac. Za magoti. Mama hakuzihesabu kuwa ni dawa, kwake zile ni "za maumivu tu". Diclofenac, Ibuprofen na wenzao hupandisha presha na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Mtu anayetumia -pril au -sartan pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza na hizi za maumivu, anazitwisha figo mzigo mkubwa sana. Kwa maumivu ya kawaida Paracetamol ndiyo yenye usalama zaidi kwetu, kwa kipimo chake. Dawa za mafua nazo zisome. Ukiona Pseudoephedrine au Phenylephrine, irudishe na mwambie muuzaji, "Kaka, mimi nina presha, nipe isiyo na hii." Ukifika dirishani anza na hilo la presha. Wengi wao ni waelewa ukiwapa nafasi.

Na ukiwa hapo hapo dirishani, omba wakupe kipande chenye jina na tarehe ya kuisha muda, au angalau waliandike jina la dawa na miligramu juu ya bahasha. Wakikosa ya miligramu 5 wakakupa ya 10 uikate nusu, hakikisha imeandikwa, kwa sababu ukifika nyumbani utasahau. Halafu si kila kidonge kinakatwa. Ukiona baada ya jina kuna herufi kama SR, XL au neno Retard, hicho kimetengenezwa kiachie dawa polepole mwilini. Ukikivunja au kukitafuna, dozi ya siku nzima inaweza kuingia kwa mkupuo.

Sasa kuna ile kauli ambayo nadhani kila nyumba yenye mgonjwa wa presha wanaijua: "Leo sina presha, kichwa hakiniumi." Mama huisema hata leo. Presha haina tabia ya kubisha hodi. Watu wengi sana duniani wanayo na hawajui, na wengine huijua siku ya kiharusi. Kwa hiyo huwezi kupima presha kwa kusikilizia kichwa, na mashine ikisoma 125 kwa 80 huku unameza dawa, hiyo ndiyo kazi ya dawa. Ukiacha, namba zitarudi zilikotoka.

Wauza dawa za mnadani wanaitumia kauli hiyo hiyo. Kipaza sauti, chupa ya maji meusi, "inaondoa presha kabisa, achana na kemikali za hospitali." Mimi sina ugomvi na mitishamba. Choya tunakunywa, vitunguu saumu tunakula. Hata hiyo Captopril, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, kwa hiyo habari ya "asili" na "kemikali" si rahisi kama wanavyoitangaza. Ninachotaka kujua ni kiasi gani cha nini kimo kwenye ile chupa, na hilo muuzaji hajawahi kunijibu. Ukiamua kunywa kitu cha kienyeji, mtajie daktari bila aibu, na kidonge kisiachwe. Wapenzi wa madafu wenzangu, madafu yana potasiamu nyingi. Kama figo zako zina shida na unatumia -pril au -sartan, ulizia kabla ya kuyafanya maji ya kila siku. Vivyo hivyo kwa chumvi zile maalumu za "wagonjwa wa presha", nyingi ni potasiamu. Ya kawaida, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo wamehesabu chumvi ya mchuzi, ya achari na ya chipsi.

Ukisahau kidonge, meza ukikumbuka kama siku bado ndefu. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho, usimeze viwili kufidia. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, kukosa kimoja hakuleti balaa, balaa ni kukosa wiki nzima kwa sababu mshahara haujatoka. Ya kukojoza imeze asubuhi, la sivyo utashinda chooni usiku, na wazee wengi huangukia huko. Ukipata kuharisha au kutapika kwingi, piga simu kliniki. Daktari anaweza kukusimamishia kwa muda ya kukojoza na -pril au -sartan mpaka maji yarudi mwilini.

Kuhusu kupima nyumbani nitasema kwa ufupi. Nunua mashine ya kufunga mkono wa juu, na kitambaa chake kienee mkono wako. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, umeshakojoa, hujanywa kahawa, na usiongee. Kisha pima mara mbili, uandike. Asubuhi pima kabla ya kidonge. Daftari hilo ndilo daktari atakalolitumia kuamua, si ile namba moja ya kliniki baada ya kupanda daladala mbili.

Waislamu wenzangu, suala la Ramadhani lizungumzeni na daktari tangu Shaabani. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari au daku bila tabu. Ya mara mbili inaweza kubadilishwa. Ya kukojoza ukiimeza daku unaweza kushinda na kiu na kizunguzungu, ndiyo maana wengi huipangiwa futari.

Na nyinyi akina baba. Shemeji yangu aliacha dawa kimya kimya kwa sababu aliona mambo ya chumbani yamelegea, akahamia kwenye vumbi la Kongo. Ni kweli baadhi ya dawa, hasa za kukojoza na baadhi za -olol, huweza kuleta hali hiyo. Presha yenyewe nayo huileta. Koo za dawa ziko nyingi kama tulivyoona, mwambie daktari akubadilishie. Hilo vumbi hakuna ajuaye limechanganywa na nini.

Namba ikifika 180 kwa 120 na huku kifua kinabana, pumzi inakata, upande mmoja wa mwili umelegea, ulimi mzito au macho yameingia ukungu, ni hospitali mara moja. Ikiwa huna dalili yoyote, kaa utulie, pima tena, kisha wasiliana na daktari siku hiyo. Usiongeze vidonge kwa kichwa chako, na usikubali kuwekewa Nifedipine chini ya ulimi. Presha ikishuka kwa ghafla ubongo unaweza kukosa damu.

Mama sasa ana karatasi moja ndani ya kopo lake: jina la dawa, miligramu, saa, na jina la ugonjwa. Mimi nimeipiga picha, iko kwenye simu. Nikimtumia dawa kwa basi nalinganisha na picha hiyo kabla ya kufunga kifurushi, na naagiza wakati bado zimebaki za wiki moja na zaidi, maana mvua zikikata barabara kifurushi hakifiki. Ukisafiri mwenyewe, dawa zikae kwenye mkoba unaoubeba. Buti la basi lina joto, na begi linaweza kushushwa Segera wewe ukaendelea.