Jibu: Kambi ya watoto Burundi, tuanze na watoto au walimu?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kama timu yenu ya Mwanza ianze na kambi ya watoto 80 au semina ya walimu. Anzeni na walimu, siku tatu kamili, kisha kambi waiendeshe wao na ninyi muwe wasaidizi. Wageni wakishika kila kitu, mkiondoka kazi inakufa, na inauma kuiona.

Kwenye semina kila mwalimu afundishe dakika 10 kwa Kirundi mbele ya wenzake, arekebishwe hapo hapo. Somo lenu likipitia kwa mkalimani huchukua karibu muda mara mbili. La nusu saa liandaeni la dakika 15. Mkalimani apewe mstari wa siku mapema, ausome kwenye Biblia ya Kirundi. Akiutafsiri kichwani, watoto watakariri maneno wasiyoyakuta kwenye Biblia zao.

Vikundi viwe vya watoto wanane, watu wazima wawili kila kimoja, yaani 20 kwa jumla. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata njiani kwenda chooni. Manila na kalamu za rangi nunueni huko huko, ili walimu wajue pa kuzipata baadaye.

Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Kabla ya hapo cheti hakihesabiki.