Maswali ya Wasomaji: Jela iliyomficha kila mfungwa peke yake

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna ubishi kati yangu na mwenzangu, yeye anasema kuna jela ya jimbo huko Marekani wafungwa walikuwa hawaonani hata sura mpaka wamalize kifungo, tena eti wazo lilitoka kwa watu wa dini, mi nasema hizo ni stori tu. Anadai pia yule jambazi maarufu wa Marekani, Al Capone, alikaa humo na redio yake. Nani yuko sahihi, na je kuna aliyewahi kutoroka?

JIBU: Ndugu yangu, hapa mpe mwenzako mkono tu, umeshindwa. Jela yenyewe ni Eastern State Penitentiary, ya jimbo la Pennsylvania, mjini Philadelphia, ilianza kupokea wafungwa 1829. Waliolisukuma wazo ni chama cha watu wa mji huo kilichoanza 1787, na fikra za Wakristo wa madhehebu ya Quaker zilikuwa na nguvu sana humo. Walichoka kuona jela za zamani watu wanarundikwa pamoja, mwizi sugu na mtoto chumba kimoja, mtu anaingia na kosa dogo anatoka jambazi kamili, basi wakasema kila mtu akae peke yake na Biblia yake atatubu mwenyewe.

Na walimaanisha kweli. Kila seli ilikuwa na kidirisha juu darini na kiuwanja chake kidogo nyuma chenye ukuta mrefu, unatoka humo saa moja kwa siku na jirani yako hatolewi muda huo huo msije mkapiga stori. Kazi unafanyia humo humo ndani, kushona viatu au kufuma nguo. Wakikutoa kukupeleka mahali unavikwa kofia ya kufunika uso. Choo cha maji kiko ndani, wakati Ikulu ya Marekani yenyewe ilikuwa bado haina mabomba, ila usidhani ni anasa, shida ilikuwa ukibeba ndoo utakutana na mwenzako! Mchoraji wa majengo John Haviland alizipanga korido kama spoku za baiskeli, askari akisimama katikati anaziona zote.

Nia nzuri, lakini mimi naona ni mateso tu. Mwandishi wa Uingereza Charles Dickens aliitembelea 1842 akaandika kwamba kuichezea akili ya mtu taratibu kila siku ni kubaya kuliko kumtesa mwili. Jimbo la New York nalo lilikuwa na mtindo wake wa Auburn, mchana wafungwa wanafanya kazi pamoja kimya kimya usiku kila mtu selini kwake, na kwa kuwa ulikuwa na gharama ndogo na kazi ya wafungwa inaingiza hela, majimbo mengi ya Marekani yakaufuata huo, wakati Ulaya ndo ikaiga sana Philadelphia. Mwisho wa siku sio huruma iliyoua mtindo wa upweke, ni msongamano, wafungwa walizidi wakaanza kuwekwa zaidi ya mmoja kwenye seli, na 1913 ukafutwa rasmi.

Kwa hiyo Capone alipofika 1929 kwa kosa la kubeba silaha kwa kificho alikuta jela ya kawaida, na ndio, magazeti ya wakati ule yaliandika kuhusu fanicha nzuri na redio. Alitoka 1930.

Kutoroka? Wapo, tena maarufu ni wale 12 wa Aprili 1945, akiwemo mwizi wa mabenki Willie Sutton, walipita kwenye handaki lililochimbwa na fundi mmoja kutoka selini kwake mpaka nje ya ukuta. Sutton alidakwa dakika chache tu baadae. Mwingine alizurura wiki hivi, njaa ikamzidi, akarudi mwenyewe getini kuomba wamfungulie. Jela ilifungwa 1971, na tangu 1994 inapokea watalii kama makumbusho.